Kutunga Visa vya Kujifunzia kwa Darasa la Kiswahili

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wetu wa leo ndio watakaotegemewa kusimama mbele ya madarasa hayo. Wengi wao huzipanga ngeli vizuri katika mtihani, lakini hushindwa kujadiliana kwa dakika tano bila kurudi kwenye Kiingereza. Makala haya yanaeleza mbinu inayoweza kupunguza tatizo hilo.

Kisa ni nini?
Kisa cha kujifunzia, au uchunguzi kifani, ni maelezo ya tatizo ambalo wanafunzi hulitolea uamuzi. Christopher Langdell aliingiza mbinu hii katika ufundishaji wa sheria Harvard kuanzia mwaka 1870. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, nacho kilianza mwaka 1969 kufundisha udaktari kwa kutumia matatizo ya wagonjwa.

Kisa hutofautiana na kifungu cha ufahamu. Majibu ya ufahamu yamo ndani ya kifungu, ilhali kisa hukatishwa pale uamuzi unapohitajika.

Mfano: Mpakani Busia
Mama mmoja anapeleka maharagwe Kenya. Wakala anamdai ada ya kumwandalia nyaraka nyingi. Afanye nini?

Tunawagawa wanafunzi katika makundi ya watu wanne, na kila mmoja anapewa kadi yake, ambayo wenzake hawaruhusiwi kuisoma:
1. Mama anajua thamani ya mzigo na mahali maharagwe yalikolimwa.
2. Dereva anajua saa ambayo lazima awe Kisumu.
3. Wakala anajua kuna njia rahisi, ila hana haja ya kuitaja.
4. Afisa wa forodha anajua kuwa bidhaa zilizokubaliwa, zilizozalishwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani.

Hakuna anayeweza kutatua tatizo peke yake. Ni lazima waulizane, na hapo ndipo kisa kinapokuwa shirikishi. Kompyuta ikiwepo itasaidia, lakini vipande vya karatasi vinatosha.

Sarufi inafuata haja. Mama anapogundua ukweli, atahitaji -nge-: "Ungeniambia mapema, nisingechelewa." Adabu nayo inajitokeza: anayemwambia afisa "Nipe cheti" ataona tofauti yake na "Naomba unisaidie kupata cheti, afande."

Hatua za kutunga
Kwanza, teua tatizo ambalo wanafunzi wanalifahamu: soko, zahanati, ofisi ya mkuu wa shule. Pili, amua sarufi na msamiati unaotaka vijitokeze, lakini usiviorodheshe kwenye kadi. Tatu, hakikisha kila kadi ina jambo moja ambalo nyingine hazina. Nne, andika swali moja tu la uamuzi.

Kazi ya mwalimu
Mwalimu hupita kati ya makundi akiandika makosa, bila kukatiza mazungumzo. Baadaye kila kundi hutoa uamuzi na sababu zake, kisha makosa yaliyojirudia husahihishwa ubaoni. Katika kutoa alama, tunapendekeza kupima uwazi wa hoja pamoja na usahihi wa lugha. Tukipima usahihi peke yake, wanafunzi waoga watanyamaza.

Mwishoni mwa muhula, wanafunzi watunge visa vyao wenyewe. Anayeweza kutunga kisa ameanza kuwa mwalimu. Tunawaalika wasomaji kuvijaribu madarasani na kutuletea vile vilivyofaulu, ili tubadilishane.