Kalamu ya risasi inapoitafuta risasi

Kalamu ya risasi haina risasi. Ndani yake mna grafiti, ambayo ni kaboni. Watu wa zamani waliidhania kuwa aina ya risasi, na mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele alipoonyesha kuwa ni kaboni, jina lilikuwa limekwisha kuzoeleka. Mimi ni fundi wa maabara hapa Mombasa, na grafiti hiyohiyo ndiyo ninayoitumia kuitafuta risasi ya kweli majini.

Mji wetu unajua kwa nini itafutwe. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na risasi ikaingia miilini mwa watoto wao. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, alilivalia njuga suala hilo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu. Tangu hapo, kila nionapo mtu akivunja betri ya gari uani kwake, roho haitulii.

Risasi majini haionekani, hainuki, wala huionji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Chukua maboza kumi ya maji, kila moja la lita 10,000, uyatie yote risasi ya gramu moja tu: umeshafika kikomo.

Siku moja jirani yangu mtu mzima alinijia na chupa ya maji.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Haya ni ya kisima changu, na mjukuu wangu ndiyo anayoyanywa. Hebu nitazamie.”

Chombo cha kutazamia nilikitengeneza mwenyewe. Nilipima unga wa grafiti gramu 0.65, udongo laini wa mfinyanzi uliosafishwa gramu 0.10, na mafuta ya parafini gramu 0.25, yale mafuta meupe yasiyo na harufu ambayo duka la dawa huwauzia watu waliofunga choo. Nikavisaga kwenye kinu cha kauri kwa dakika ishirini, mpaka mchi ukaanza kunata na rojo ikang'aa kama wanja. Mafuta yakizidi, umeme hupita kwa shida. Yakipungua, rojo humeguka. Hapa mkono hujifunza kama unavyojifunza kukanda unga wa chapati. Nikailaza usiku kucha itulie, kisha nikaishindilia kwenye bomba jembamba la sindano, waya wa shaba ukiingia kwa nyuma. Hiyo ndiyo elektrodi.

Rojo hii ilizaliwa na jaribio lililoshindikana. Tangu mwaka 1922, alipoanza Jaroslav Heyrovský kule Prague, wanakemia walipima vitu vilivyoyeyuka majini kwa matone ya zebaki yaliyodondoka moja moja, kila tone likileta uso mpya, safi. Lakini zebaki ni sumu, tena umeme ukiipeleka mbali upande wa chanya, yenyewe huanza kuyeyuka. Ralph Adams wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, akataka matone ya kaboni badala yake. Matone hayakufaulu. Mchanganyiko mzito, hata hivyo, ulipima vizuri sana, naye akautangaza mwaka 1958. Uso mpya haukupotea: unaisukuma rojo kidogo, unakata ncha, unaisugua juu ya karatasi laini mpaka ing'ae.

Grafiti peke yake haichagui. Kinachoipa macho ni kile unachokichanganya nayo. Wapo wanaotia vimeng'enya ili ipime sukari. Mimi nilitia udongo, kwa sababu tabaka zake zina chaji hasi, na ioni za risasi zina chaji chanya. Udongo huzinasa.

Nikaichovya elektrodi ndani ya bika, ile bilauri ya maabara, yenye maji ya mama, niliyokwisha kuyatia asidi kidogo, nikayakoroga kwa dakika tano. Kisha nikaipeleka elektrodi kwenye volti hasi 1, ioni zilizonaswa zipokee elektroni na kugeuka metali. Baada ya hapo nikaupandisha umeme taratibu kuelekea chanya. Kama abiria wa matatu, kila metali hushuka kwenye steji yake: kadimi hutangulia, risasi hushuka karibu na volti hasi 0.5. Ikishuka, mkondo wa umeme huruka na kilima huchoreka kwenye kompyuta. Risasi ikiwa nyingi, kilima huwa kirefu.

Kilima kilichochoreka kilikuwa kirefu mno. Nilimfikiria yule mtoto, mikono ikaniishia nguvu. Kabla sijamwita bibi yake, nikatia maji yaliyokenekwa kwenye bika ileile. Kilima kikarudi vilevile. Risasi ilikuwa kwenye bika: jana yake niliitumia bika hiyo kupima mchanganyiko wa mfano wenye risasi, nikaisuuza kwa maji matupu. Nikailoweka usiku kucha katika asidi ya naitriki, nikakata rojo, nikaanza upya. Safari hii mstari ulipita karibu bapa. Nikaongeza risasi ya kiasi ninachokijua, kilima kikachomoza palepale pake, nikaamini kwamba elektrodi haikuwa imepofuka.

Nilimweleza mama kwamba kwa kipimo changu maji yake yako chini ya kikomo, na nikamsihi apeleke chupa nyingine maabara ya serikali, maana afya ya mtoto haifai kusimama juu ya shahidi mmoja. Alishukuru sana. Kisha akatia mkono mkobani, akatoa chupa ya pili.

“Na haya ni ya kisima cha mwenzangu, pale nyuma ya gereji.”

Nikaisukuma rojo milimita moja, nikakata ncha, nikaanza kuisugua.