Mipako ya maji yaweza kuipa thamani ngozi ya Kizota

NYAMA inayotoka machinjio ya Kizota, mjini Dodoma, haikai muda mrefu bila mnunuzi. Ngozi hali yake ni tofauti. Ikiwa na chapa ya moto ubavuni, makovu ya kupe au matundu ya kisu cha mchunaji, hushushwa daraja na bei yake huporomoka.

Mshindani mkubwa wa ngozi hiyo ni ngozi bandia, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki aina ya PVC au poliurethani. Viatu, mikoba na makochi mengi madukani hutengenezwa kwa bidhaa hiyo kwa sababu ni rahisi na haina kovu.

Tatizo lake liko kwenye mpako. Kwa njia iliyozoeleka, poliurethani huyeyushwa katika kemikali iitwayo DMF, hupakwa juu ya kitambaa, kisha kemikali hiyo huondolewa kwa maji au joto. DMF hudhuru ini na inaweza kuathiri uzazi, na wa kwanza kuivuta ni mfanyakazi wa kiwandani. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuidhibiti, ambayo kwa viwanda vinavyopaka poliurethani kwenye vitambaa ilianza kutumika Desemba 2024.

Njia mbadala ni mpako wa maji. Chembe ndogo za poliurethani husambazwa ndani ya maji badala ya kuyeyushwa kwa kemikali. Mpako ukikauka, kinachopaa hewani kwa sehemu kubwa ni mvuke wa maji. Hata hivyo, maji huhitaji joto jingi kukauka, hivyo gharama ya nishati huongezeka. Aidha, mpako wenyewe bado ni plastiki na hauozi.

Kwa Dodoma, faida iko hapa: mpako huo huo hutumika pia kwenye ngozi halisi. Ngozi ya daraja la chini ikishasindikwa husuguliwa uso ili kupunguza makovu, au hupasuliwa kuwa tabaka mbili. Ikipakwa tabaka jembamba la poliurethani ya maji, hufaa kwa viatu vya shule, mikanda na mikoba, yaani soko lile lile lililotekwa na ngozi bandia.

Lakini mpako hauzibi tundu wala haufufui ngozi iliyooza. Mfugaji apige chapa mguuni au shingoni, si ubavuni, na aogeshe mifugo dhidi ya kupe. Mchunaji atumie kisu cha kuchunia chenye ncha butu, na ngozi itiwe chumvi mapema baada ya kuchunwa.

Fundi anayenunua mpako naye aulize muuzaji kama unachanganywa na maji au kiyeyushi, na asome maelezo ya usalama kabla ya kufungua kopo. Afya yake ni sehemu ya mtaji.