Uteuzi wa Lugha ya Vitendakazi kwa Programu za Wavuti: Mtazamo kutoka Nagongera

Mfanyabiashara mdogo avukaye Busia na bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hutumia hati rahisi ya uasilia. Makala haya yanauliza: endapo wahitimu wa Chuo Kikuu cha Busitema, Kampasi ya Nagongera, wangejenga programu ya wavuti ya kuitayarisha hati hiyo, waiandike kwa lugha gani?

Lugha za vitendakazi huvutia kwa kuwa data ikishaundwa haibadilishwi. Kitendakazi kikipewa thamani zile zile hurejesha jibu lile lile, nalo ni jambo zito panapohusika ushuru. Haskell, iliyofafanuliwa mwaka 1990, hukagua kwa ukali lakini huchelewa kufunzika. Elm huzuia hitilafu nyingi kivinjarini, ila toleo lake 0.19.1 la mwaka 2019 lilikaa miaka mingi bila kufuatwa na jingine. Mshauri wa sera ana haki ya kusita.

Elixir inastahili kutazamwa zaidi. Imesimama juu ya mtambo wa Erlang, lugha iliyoanza kubuniwa Ericsson, Uswidi, mwaka 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu, na ambayo baadaye ilitumika kujenga seva za WhatsApp. Kila ombi huwa na mchakato wake mdogo. Mmoja ukianguka, mingine huendelea.

Mtandao ukikatika mpakani, hata hivyo, seva haisaidii kitu: fomu lazima ihifadhiwe simuni, na kazi hiyo kwa kawaida huangukia JavaScript. Napendekeza basi Elixir kwenye seva, kwa sharti kwamba mfumo usikabidhiwe idara yoyote kabla hawajapatikana watumishi watatu wawezao kuisoma na kuirekebisha.