Kichujio kinachojisafisha: uchafu unakwenda wapi?

Mama mmoja wa Kimara aliniita nikamwangalizie samaki wake. "Fundi, maji yangu meupe kama ya chupa, lakini samaki wanapanda juu kuhema," aliniambia hata sijavua viatu. Kweli, maji yalikuwa maangavu. Tangi la lita 150, samaki 12 wa Ziwa Tanganyika, na kichujio kipya alichouziwa kwa ahadi kwamba kinajisafisha chenyewe. Kwa miezi mitatu hakukigusa. Nilipofungua kikombe cha chini yake nikakuta tope jeusi, zito, linalonuka yai viza. Nikapima nitrati; rangi iliyotokea kwenye kichupa ilikuwa nzito kuliko rangi ya mwisho kwenye kadi.

Kichujio hakikuwa kibovu. Kilifanya kazi yake kama kilivyoundwa: kinaisugua sponji, uchafu unadondoka kikombeni, sponji inabaki wazi na maji yanaendelea kupita. Lakini kikombe chenyewe kimo ndani ya mzunguko wa maji yaleyale. Kinyesi na mabaki ya chakula yanaozea humo, uozo unakula oksijeni ambayo samaki wanaitaka, na yaliyooza yanarudi tangini yakiwa yameyeyuka, hayaonekani. Kwa hiyo mtu akiniletea boksi la kichujio cha namna hii na kuniuliza anunue au aache, kabla ya bei na kabla ya ukubwa nataka kujua jambo moja: uchafu ukishatolewa kwenye sponji, unakwenda wapi?

Tupige hesabu ndogo. Ukiwapa samaki gramu 2 za chakula chenye protini asilimia 40, umetia tangini gramu 0.8 za protini. Karibu asilimia 16 ya protini ni nitrojeni, yaani kama gramu 0.13. Tuseme samaki wanajengea mwili robo hadi theluthi yake. Inayobaki wanaitoa, na nyingi hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, wala si kinyesi. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Katika tangi la lita 100, hiyo ni kama miligramu 4 za nitrati kwa kila lita kwa siku, karibu 30 kwa wiki. Kichujio kikitoa kinyesi chote hadi chembe ya mwisho, amonia ya matamvua haijaguswa. Nitrati hupungua kwa kubadilisha maji, au kwa kunyonywa na mimea iliyo hai. Muuzaji akikwambia hutabadilisha maji tena, kaa mbali na mzigo huo.

Kwa wanaofuga samaki wa Kigoma, jambo hili ni zito zaidi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na sisi tunajitahidi kuwatengenezea maji yanayofanana na ya kwao. Katika pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Katika pH 9, kwenye joto la nyuzi 25, inapita theluthi. Uzembe uleule ambao samaki wa maji laini watauvumilia, hawa unawaua usiku mmoja.

Sasa turudi kwenye boksi. Kichujio ninachokitetea ni kile chenye mpira wa kutolea maji nje. Unageuza valvu, maji yanapita kinyume, yanavuruga sponji au punje zilizomo, na tope lote linatoka kwenda kwenye ndoo au bustanini. Kila ukikisafisha umetoa pia lita kadhaa za maji machafu, nawe unajazia mapya. Kazi mbili kwa mkono mmoja. Angalia tu kinajiosha kwa maji gani. Kikijiosha kwa maji ya tangi, vizuri. Kikitaka kuunganishwa moja kwa moja na bomba la mtaani, klorini ya maji hayo itawaua bakteria uliowalea kwa wiki nyingi.

Watu wengi wanauona ule utando wa kahawia kwenye sponji kuwa uchafu, wakausugua hadi sponji ikarudi rangi yake ya dukani. Sehemu kubwa ya utando huo ndiyo kichujio chenyewe. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi ya kugeuza nitriti inafanywa na bakteria wa jamii ya Nitrospira, si wale wa Nitrobacter tuliokuwa tukiwataja siku zote. Bakteria hawa wanaongezeka polepole na wanakaa kwa kujishikiza. Sponji ikamulie ndani ya ndoo ya maji ya tangi, mara tatu nne, kisha irudishe ikiwa bado na rangi yake.

Kuna pia vichujio vya vipande vya plastiki vinavyozungushwa na hewa. Asili yake ni mitambo ya majitaka iliyobuniwa Norwei mwishoni mwa miaka ya 1980. Vipande vinagongana, utando uliozeeka unabanduka wenyewe, na kwa amonia ni hodari sana. Ila uchafu uliobanduka unaelea majini, hivyo vinahitaji kichujio kingine cha kuudaka. Vile vya kitambaa kinachojiviringisha na kuinua uchafu nje ya maji ni vizuri mno, lakini usinunue kama hujui rola ya pili utaipata wapi.

Ukiwa dukani, omba kiwashwe. Namba iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida imepimwa pampu ikiwa tupu, bila sponji wala mwinuko. Kinga ndoo ya lita 10 na utazame saa: ikijaa kwa dakika moja, umepata lita 600 kwa saa. Kwa tangi la lita 150 hizo zinatosha, maana maji yote yanapita mara nne kwa saa. Uliza wati pia. Mota ya wati 15 inayokwenda mchana na usiku itakula karibu uniti 11 za Luku kwa mwezi. Uliza raba za mfuniko na impela kama zinauzwa peke yake.

Na umeme ukikatika? Kichujio kilichofungwa kama kopo kikisimama saa kadhaa, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo na kuanza kufa. Usikiwashe tu umeme ukirudi. Mwaga kwanza maji yaliyolala ndani. Mimi huacha sponji ndogo ya pampu ya hewa ikifanya kazi pembeni, yenye betri yake, na hata nikinunua kichujio kipya naviendesha vyote viwili pamoja kwa wiki sita.

Mama wa Kimara sikumwambia akitupe kichujio chake. Siku ile tulibadilisha lita 20 tu, kesho yake 20 nyingine, hivyo hivyo wiki nzima. pH ya tangi lake ilikuwa imeshuka kwa sababu ya uchafu, na maji mapya mengi kwa mpigo yangeipandisha ghafla na kuigeuza amonia iliyolala kuwa sumu. Siku ya nne samaki waliacha kupanda juu. Siku hizi kila Jumamosi anafungua kikombe, anakimwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba, na kubadilisha lita 50.