Mafuriko na Ukuta wa Jirani

Kila baada ya masika makubwa hapa Dar es Salaam, mkutano wa mtaa hufunguliwa kwa maneno yaleyale: ni mipango ya Mungu. Sijamsikia mtu akiyapinga. Judith Shklar angeyapinga.

Mama huyu alizaliwa Riga, Latvia, mwaka 1928, katika familia ya Kiyahudi iliyolazimika kuikimbia Ulaya yeye akiwa bado msichana, na baadaye akafundisha siasa Chuo Kikuu cha Harvard. Wakati John Rawls, aliyefundisha chuo hichohicho, anauliza mali na fursa zigawanywe vipi ili jamii iwe ya haki, Shklar alianzia kwa aliyeumizwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1990, The Faces of Injustice, anauliza: nani huamua kwamba lililompata fulani ni bahati mbaya tu, wala si dhuluma? Mara nyingi huamua wale ambao halikuwapata.

Chukua njaa ya Bengal, katika India ya kikoloni, ya mwaka 1943, iliyoua watu wasiopungua milioni 2. Mwanauchumi Amartya Sen, aliyeiona akiwa mtoto, alionyesha mwaka 1981 kuwa chakula mwaka ule kilikuwa kingi kuliko mwaka 1941, ambao haukuwa na njaa. Kilichotokea ni kwamba bei ya mchele ilipaa na ujira wa vibarua wa mashambani ukabaki nyuma. Kimbunga kiliipiga Bengal kabla ya njaa, sawa, lakini si kimbunga kilichopanga bei.

Mtaani kwetu yupo mama muuza vitumbua ambaye maji humwingilia mpaka uvunguni. Mtaro uliokuwa ukipita nyuma ya nyumba yake umekatwa na ukuta wa mtu mwenye uwezo. Ukuta wenyewe ulijengwa mchana kweupe, na mafundi walikuwa wakinywa chai kibarazani kwa mama huyohuyo. Mjumbe alipita, majirani walipita. Shklar, akimfuata Cicero wa Roma ya kale, anasema anayeweza kuzuia uovu akanyamaza naye ni dhalimu. Aliipenda picha ya mchoraji Giotto iliyochorwa ukutani katika kanisa dogo mjini Padua, Italia, mwanzoni mwa karne ya 14: Dhuluma ni mtawala aliyeketi tu, uso kaugeuzia pembeni, miti imeota mbele yake, na chini ya miguu yake watu wanaporwa na kuuawa. Yeye mwenyewe hajamgusa mtu. (Wachoraji wetu wa vibonzo wangemtambua mara moja.)

Shklar alitaka mlalamikaji asikilizwe kwanza, hata kama mwishoni itaonekana hana hoja. Kwetu, mama wa vitumbua alipewa nafasi baada ya pole, sala na mgao wa unga. Akauliza kibali cha ule ukuta alikitoa nani. Mwenyekiti akamjibu kwamba hiyo si ajenda ya leo.