Mbegu ya Viazi Iliyolala Haioti

Mkulima, je, umepata kupanda viazi vizuri visivyo na ugonjwa, katika udongo mzuri wenye mvua ya kutosha, kisha ukangoja mwezi mzima usione kitu? Huenda mbegu haikuoza wala haikuliwa na wadudu. Ilikuwa imelala.

Viumbe vingi hulala hivyo ili wapite wakati mbaya. Huko Ulaya, majira ya baridi yakija, miti mingi hupukutisha majani na kuacha kukua. Kalunguyeye wa huko hujificha chini ya majani makavu, na moyo wake, ambao hupiga mara 190 hivi kwa dakika, hupungua mpaka kama mara 20. Kwa njia hiyo mafuta yaliyomo mwilini humtosha hadi joto lirudi.

Kiazi nacho kina desturi hiyo. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako ukavu na baridi kali huua majani yake, lakini kiazi chenyewe hubaki hai ardhini. Kama kingeota mara tu kinapokomaa, chipukizi lingekufa kwa baridi. Ndiyo sababu hata ukikitilia maji hakiamki kabla ya wakati wake.

Usingizi huo si sawa kwa kila aina. Shangi huamka upesi, mara nyingi baada ya majuma machache tu. Aina nyingine nyingi hulala miezi miwili au mitatu. Basi piga hesabu. Ukivuna mwezi wa nane aina inayolala miezi mitatu, mbegu hiyo haitakuwa tayari kwa mvua za mwezi wa kumi. Itafute iliyovunwa mapema zaidi.

Fanya hivi:

1. Chagua viazi vya ukubwa wa yai la kuku, kutoka mashina yenye afya. Usichukue mbegu katika shamba lililopata ugonjwa wa mnyauko.

2. Vitandaze juu ya vichanja, tabaka mbili au tatu, mahali penye hewa na mwanga, lakini pasipo jua kali. Mwangani machipukizi huwa mafupi na manene. Gizani huwa marefu, meupe, na huvunjika upesi.

3. Kiazi kikitoa chipukizi moja tu kileleni, livunje, na macho mengine yatachipua.

4. Panda machipukizi yakiwa na urefu wa sentimita 1 hadi 2.

Viazi vilivyogeuka kijani visiliwe, maana vina sumu.

Kabla ya kununua mbegu, uliza ni aina gani na ilivunwa lini. Afisa wa kilimo aliye karibu nawe atakusaidia kuhesabu siku. Mvua haingoji mbegu iliyolala.