KENAFU: WAKATI WA KUIVUNA KWA MALISHO AU KWA NYUZI

Mkulima apandaye kenafu hana budi kujibu swali moja kabla hajatia jembe ardhini: je, zao hili ni la ng'ombe au ni la kamba? Mavuno ya malisho na mavuno ya nyuzi hayakutani siku moja. Asiyeamua mapema husubiri mpaka mabua yamekuwa magumu kwa ng'ombe, kisha akayakata kabla nyuzi hazijapata nguvu. Mtu huyo amelima, amepalilia, na mwishowe hana chakula cha mifugo wala kamba ya kuuza.

MMEA WENYEWE

Kenafu ni mmea wa msimu mmoja, wa jamaa moja na pamba, bamia na choya. Asili yake ni Afrika, na wataalamu huamini kwamba ilianza kulimwa upande wa magharibi wa Sudani, maelfu ya miaka iliyopita. Hukua wima, ikafika futi 8 mpaka 12 penye mvua na udongo mzuri. Katika aina nyingine majani yamechanika kama vidole, yakafanana na ya bangi. Lakini ua lake la rangi ya maziwa, lenye moyo wa rangi ya damu ya mzee, huondoa shaka.

Bua lina sehemu mbili. Nje ni gome, nalo ndilo lenye nyuzi ndefu za kusokotea kamba na kufumia magunia. Ndani ni mti mweupe, mwepesi. Katika kilo 10 za mabua makavu, gome huwa kilo 3 hadi 4 tu.

KWA NINI MAVUNO HAYA MAWILI HAYAKUTANI

Mmea mchanga una majani mengi na bua laini. Kila wiki ipitayo bua hurefuka na kukomaa, na majani ya chini, kwa kunyimwa jua na yale ya juu, hugeuka manjano yakaanguka. Chakula cha kujenga mwili wa mnyama, yaani protini, kimo zaidi katika majani. Kilo 100 za majani makavu huwa na kilo 14 hadi 34 za protini. Kilo 100 za mabua makavu huwa na kilo 2 hadi 12 tu. Kwa hiyo kadiri shamba linavyozidi kurefuka na kupendeza machoni, ndivyo chakula cha ng'ombe kinavyopungua ubora.

Nyuzi ni kinyume chake. Katika mmea mchanga nyuzi ni laini lakini dhaifu na chache. Zinahitaji muda mpaka mmea uanze kuchanua.

UKIVUNA KWA MALISHO

Vuna mapema, yapata siku 60 hadi 80 baada ya kuota. Tazama alama hizi:

1. Majani ya chini bado ni ya kijani. Yakianza kuanguka kwa wingi, umechelewa.
2. Bua likivunjwa usawa wa goti hukatika kama bamia changa. Likipinda na gome kuchunika kama kamba, wakati wa malisho umepita.
3. Maua hayajafunguka.

Mavuno haya mara nyingi huangukia katikati ya mvua, na bua la kenafu hukauka polepole. Ukijaribu kulianika kama nyasi, majani yatakauka na kupukutika kabla ya bua kukauka, na utaingiza ghalani vijiti vitupu. Ni afadhali ulishe mabichi, au uyahifadhi shimoni kama sileji: acha yanyauke nusu siku, yakatekate vipande vya urefu wa pingili ya kidole, shindilia sana mpaka hewa itoke, kisha funika kwa karatasi ya nailoni na udongo. Usifungue kabla ya wiki 6.

Mnyama asipewe kenafu peke yake. Anza kidogo kidogo, ukichanganya na nyasi alizozizoea. Uwe mwangalifu zaidi ikiwa shamba lilitiwa mbolea nyingi, au lilipatwa na ukame kisha mvua ikanyesha ghafula, maana mmea wa namna hiyo huweza kukusanya chumvi zinazomdhuru ng'ombe.

UKIVUNA KWA NYUZI

Ngoja mpaka shamba lianze kuchanua. Wakati mzuri ni pale mimea iliyo mingi ina maua kadhaa yaliyokwisha funguka, na yale ya chini yameanza kufunga vitumba vya mbegu. Ukingoja mpaka mbegu zikauke, nyuzi zitakuwa nzito na kavu kama miti, na kuziozesha kutachukua muda mrefu zaidi.

Kata karibu na ardhi. Funga matita yenye unene wa paja, uyasimamishe shambani siku 2 au 3 mpaka majani yapukutike; majani hayo ni mbolea, yaache hapo hapo. Kisha simamisha vitako vya matita majini siku 1 au 2, maana upande wa chini ni mnene na huchelewa kuoza. Baadaye laza matita yote yazame. Yagandamize kwa mawe. Usitumie udongo wala migomba, kwa sababu hutia nyuzi weusi.

Penye joto, kuoza huchukua siku 10 hadi 14. Penye baridi huweza kufika siku 20 au zaidi. Tangu siku ya 8 chomoa bua moja kila siku. Gome likitoka lote kwa kuvutwa, na nyuzi zikiachana kwa kusuguliwa, toa matita yote siku hiyo hiyo. Ukichelewa, nyuzi nazo huoza. Zioshe katika maji safi na uzianike juu ya kamba au fito, si chini. Maji ya kuozeshea hunuka na huua samaki. Usitumie kisima au bwawa la kunywa watu na mifugo.

Kumbuka pia kwamba kilo 100 za mabua mabichi hutoa kilo 4 hadi 6 tu za nyuzi kavu. Kwa hiyo, kabla ya kupanda ujue maji yako wapi, kama yatakuwapo wakati wa kuchanua, na ni nani atakayenunua.

USIHESABU SIKU PEKE YAKE

Wakulima wengi huuliza, "Maua huja baada ya siku ngapi?" Jibu moja halipo. Aina nyingi za kenafu husubiri urefu wa mchana. Mchana ukiwa zaidi ya saa 12 na nusu, mmea huendelea kurefuka. Ukipungua chini ya hapo, huanza kuweka maua. Karibu na Ikweta, kama vile Bukoba na Mwanza, mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima. Hivyo aina hizo huchanua mapema zikiwa fupi, na nyuzi zake huwa fupi pia. Kusini, kama Songea na Mtwara, mchana wa Desemba hupita kidogo saa 12 na nusu. Huko apandaye kwa mvua za kwanza hupata mabua marefu kuliko apandaye Februari. Kwa sababu hiyo uliza aina ya mbegu kabla ya kununua, na wakati wa kuvuna tazama mmea wenyewe.

MWENYE KUTAKA VYOTE VIWILI

Agawe shamba tangu siku ya kupanda. Tuseme ana ekari moja na ng'ombe wawili wa maziwa. Robo ekari aikate mapema kwa malisho. Sehemu kubwa iliyobaki aiache kwa nyuzi, akiipanda kwa kubanana, sentimita 20 hadi 30 kati ya mistari na 5 hadi 7 kati ya miche, ili mabua yasitoe matawi. Wakati wa kukata nyuzi, ncha za juu zenye majani mabichi azikate awape ng'ombe. Hazifikii malisho ya mapema, lakini si za kutupwa. Ukingo mmoja aupande kwa nafasi kubwa na kuuacha ukomae kwa mbegu.

Andika katika daftari siku uliyopanda, siku ulipoona ua la kwanza, siku uliyokata, na ulichopata. Msimu ujao mwonyeshe Bwana Shamba au Bibi Shamba wako daftari hilo, mpange pamoja siku ya kupanda inayofaa shamba lako.